Kidonda cha kazini si deni la kibarua: majibu kwa waajiri wa Himbi

Wasomaji, hoja ninazozijibu hapa mmezisikia. Zinasemwa kwenye mageti ya chuma ya Himbi, hapa Goma, kila fundi anapokatwa kidole. Zinasemwa na wenye nyumba zinazopanda kando ya Ziwa Kivu, na wengi wao ni watu wa elimu na wa ibada, watu ambao wangeumia kusikia wanaitwa wadhulumu. Nimezisikiliza kwa makini, na kila moja nitaieleza kama wenyewe wanavyoieleza, maana ukimpotosha mwenzako hujamjibu. Ninyi mpime. Mtu akipata jeraha dogo kazini, kidole kimepasuka, jicho limeingia kijiwe, mguu umechomwa na msumari, mkono umeungua kwenye mbabula, nani alipe matibabu?

Hoja ya kwanza husema kwamba kidonda kidogo hupona chenyewe. Maji ya chumvi, kitambaa safi, siku mbili tatu, mtu yuko kazini. Kumpeleka kila aliyechubuka hospitali, wanasema, ni kupoteza pesa na kuwachosha waganga bure. Sehemu ya hoja hii ni kweli: vidonda vingi hupona. Lakini tazameni jinsi vidonda vya hapa vinavyopatikana. Msingi wa nyumba ya Goma ni jiwe la volkano. Lina matundu matundu, na likipigwa nyundo hupasuka kwa kingo kali kama chupa iliyovunjika. Msaidizi wa fundi hulibeba kwa viganja vitupu, hulipasua bila miwani, kisha kwa mikono ileile hukoroga simenti. Simenti mbichi inaunguza hata ngozi nzima, sembuse nyama iliyo wazi. Utamkuta kijana amefunga kidole kwa kipande cha shati, kitambaa kimekuwa kijivu kwa simenti na cheusi kwa damu iliyokauka, na belesha bado liko mkononi. Ukimuuliza atakwambia ni kidogo. Anakwambia hivyo kwa sababu kapita, msimamizi wa kazi, amesimama nyuma yake.

Halafu kuna pepopunda, ambayo wengi wetu tunaiita tetanosi. Vijidudu vyake hukaa udongoni na kwenye kinyesi cha wanyama, na vinastawi mahali pasipofika hewa. Ndiyo maana tundu la msumari, jembamba na refu, ambalo halitoi hata damu nyingi, ni la kuogopwa kuliko mchubuko mpana unaotisha macho. Dalili hazitokei siku hiyo. Mara nyingi huchukua siku 3 hadi 21, na taya likishakaza, matibabu ni ya kitanda cha hospitali kwa wiki nyingi, na wengine hawaamki. Basi anayetamka siku ya kwanza, akiwa amesimama kwenye mchanga wa shantiye, kwamba jeraha hili ni la chumvi na lile ni la hospitali, anatoa hukumu asiyo na uwezo wa kuitoa. Wenye uwezo huo ni muuguzi na daktari, na kumfikia muuguzi kunahitaji pesa ya fichi, yaani kadi ya matibabu. Pesa hiyo ndiyo tunayobishania.

Tena hoja hii haikai pamoja na nyingine inayotoka kinywa kilekile, kwamba matibabu ni ghali mno mwajiri hawezi kuyabeba. Haziwezi kuwa kweli zote mbili. Jeraha likiwa dogo, kulisafisha na kulishona siku hiyohiyo ni gharama ndogo, na anayejenga ghorofa ataimudu. Matibabu yakiwa makubwa, basi jeraha halikuwa dogo, na kumwachia mtu anayelipwa kwa siku ni vibaya zaidi. Shikeni upande wowote mnaoutaka, fakturi inarudi mahali pamoja.

Hoja ya pili ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo inayoegemewa zaidi: huyu si mfanyakazi wangu, ni kibarua. Hana karatasi. Amekuja asubuhi, amelipwa jioni, kesho huenda asirudi. Wajibu wa matibabu, wanasema, ni wa makampuni makubwa yenye mikataba na ofisi ya wafanyakazi. Mwenye kujenga nyumba yake mwenyewe hahusiki.

Ni hoja inayosikika vizuri mpaka mtu afungue Sheria ya Kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Sheria hiyo inaeleza mkataba wa kazi kuwa ni mapatano yoyote, ya maandishi au ya mdomo, ambayo kwayo mtu anafanya kazi chini ya uongozi na mamlaka ya mwingine, ya moja kwa moja au isiyo ya moja kwa moja, naye analipwa. Ya mdomo yamo. Mamlaka isiyo ya moja kwa moja nayo imo. Kwa hiyo ule mlango wa pili wa kutokea, kwamba "mimi nilimkabidhi fundi mkuu, muulizeni yeye," ni mwembamba kuliko mnavyodhani. Fundi mkuu akiamriwa na mwenye kiwanja wapi ukuta upite, saa ngapi kazi ianze na nani arudi kesho, mamlaka ni ya nani? Na fundi huyo akiwa hana hata akiba ya kununulia glavu, kumwelekeza majeruhi kwake ni kumwelekeza kwenye mfuko mtupu huku mkijua.

Tuendelee na sheria hiyohiyo. Kifungu cha 40 kinawahusu wanaoajiriwa siku kwa siku. Mtu akiwa ameshafanya siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akaitwa tena kabla ya miezi hiyo miwili kwisha, anahesabiwa kuwa ameajiriwa kwa muda usio na kikomo. Sasa pigeni hesabu wenyewe. Nyumba za Himbi zinazojengwa leo haziishi kwa wiki mbili. Kuna kusawazisha mawe, kuna msingi, kuna nguzo, kuna kumwaga dali, kuna ukuta wa kuzunguka kiwanja. Kijana anayebeba mchanga siku sita kwa wiki anazifikia siku 22 kabla mwezi haujaisha. Wengi wanaoitwa vibarua kwenye shantiye hizi walishaacha kuwa vibarua machoni pa sheria, na hakuna aliyewaambia. Wako pia wale wa ndani ya nyumba: zamu, mpishi, mama anayefua. Hao wamekaa miaka, karatasi hawana, na kwa kuwa hawana karatasi tajiri anajiona yuko huru. Ni kinyume chake. Kifungu cha 44 kinasema pasipo maandishi, mkataba unachukuliwa kuwa wa muda usio na kikomo mpaka ithibitishwe vingine. Karatasi ambayo haikuandikwa inamlinda mfanyakazi.

Na mtu akishahesabiwa kuwa mfanyakazi, kifungu cha 177 hakina utata. Akiugua au akiumia, mwajiri ndiye anayetoa matibabu, ya daktari, ya upasuaji, ya dawa na ya hospitali, kwake na kwa familia yake, pamoja na nauli inayohitajika ili kuyafikia. Nimekisoma mara nyingi nikitafuta neno linalosema majeraha madogo hayamo. Halimo. Ambaye hajafikisha siku 22 naye bado ni mtu aliyeumia chini ya mamlaka ya mwenye kazi, kwenye kazi ya huyo mwenye kazi.

Angalieni pia tabia yenyewe. Mwajiri huyuhuyu anayesema "si wangu" humkata pesa kijana aliyechelewa, humkataza kuondoka kabla dali haijamalizika, humfukuza akijibu vibaya. Mamlaka yote anayashika tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka jioni, isipokuwa dakika ile damu inapotoka. Mtu hawezi kuwa wako kwa kuamriwa na kuwa wa mitaani kwa kutibiwa.

Hoja ya tatu inasema ni kosa lake. Alikuwa mzembe, alikuwa akiongea na simu, hakuvaa glavu. Nakubali kuna wazembe, na sheria inakubali pia: inamwondolea mwajiri wajibu katika hali chache, kama pale mtu anapojitia kwa hiari katika hatari ya pekee akiijua. Lakini kubeba mawe bila glavu mahali ambapo glavu hazijawahi kuletwa si kujitia hatarini kwa hiari. Ndiyo kazi yenyewe ilivyopangwa, na aliyeipanga anajulikana. Dunia ilishamaliza ubishi huu zamani. Ujerumani mwaka 1884, kisha Ufaransa mwaka 1898, ziliacha kumtaka mfanyakazi athibitishe kosa la tajiri kabla ya kufidiwa, kwa sababu iliyo wazi: mahali penye mashine, mawe na ngazi, watu wataumia hata wakiwa waangalifu, na anayevuna faida ya kazi ndiye anayefaa kubeba hasara yake. Kurudisha swali la uzembe leo Himbi ni kurudi nyuma ya sheria hizo za zaidi ya miaka 120.

Ya nne: hiyo ni kazi ya CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo siku hizi haifanyi kazi hapa. Hoja hii ina uzito wa kweli na sitaidharau. Tangu mwisho wa Januari 2025, wapiganaji wa AFC/M23 walipoushika mji wa Goma, benki zilifunga milango, na shughuli za ofisi zinazotegemea Kinshasa zikavurugika. Wako waajiri ambao pesa zao zimekwama na ambao wenyewe wanaishi kwa kukopa. Hilo nalijua, na anayelikana hajaishi hapa.

Hata hivyo, hoja hii ina makosa mawili. Kwanza, inachanganya wajibu wa mfuko na wajibu wa mwajiri. Mfuko huo, ulioanza kama INSS kwa sheria ya mwaka 1961 na sasa ni CNSS chini ya sheria ya Julai 2016, una tawi la ajali na magonjwa ya kazini. Matibabu ya kifungu cha 177, yaani fichi, nyuzi za kushonea na dawa za siku hiyo, yamewekwa begani mwa mwajiri mwenyewe. Hayangoji dirisha la benki lifunguliwe. Pili, ulizeni wanaotaja CNSS: huyu kijana aliandikishwa? Mchango wa ajali za kazini ni asilimia 1.5 ya mshahara, na unalipwa na mwajiri peke yake. Kwa mtu anayepata dola 200 kwa mwezi, ni dola 3. Wengi wa wanaoulilia mfuko leo hawakuwahi kupeleka dola hizo hata miaka ambayo milango yote ilikuwa wazi. Mtu hawezi kuitaja kuwa ngao taasisi ambayo hakuichangia.

Niongeze jambo moja ambalo waajiri hawalitaji. Kongo iliridhia mwaka 1967 Mkataba namba 121 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 1964, unaohusu mafao ya walioumia kazini. Kifungu chake cha 9 kinakataza haki ya majeruhi kutegemea muda aliokaa kazini au kama michango ililipwa. Hapo hoja ya pili na hoja ya nne zinaanguka pamoja.

Ya tano: kuna wanaosema kwamba Goma imejaa mashirika, na matibabu ni bure. Aende kwao. Ni kweli mashirika yapo, na yamefanya kazi kubwa. Hospitali ya CBCA Ndosho, kwa msaada wa Msalaba Mwekundu wa Kimataifa, imewafanyia upasuaji na kuwatibu majeruhi wa vita kwa maelfu. Madaktari Wasio na Mipaka wamewatibu watoto na wagonjwa wa kipindupindu. Ulizeni lakini ni nani anayeingia bure kwenye mlango huo. Mwenye risasi mwilini, mwenye kipindupindu, mtoto mwenye utapiamlo. Fundi aliyekatwa na jiwe hamo kwenye orodha, na akifika anaulizwa fichi kama mtu mwingine yeyote. Hata mpango wa afya kwa wote uliozinduliwa Kinshasa mwaka 2023 ulianza na mama wanaojifungua na watoto wachanga. Na hebu tufikiri hata kama angepokewa bure. Pesa za wafadhili zilizokusudiwa aliyekimbia vita na watoto mgongoni, zitumike kumpunguzia gharama anayejenga nyumba ya ufukweni? Kama kuna anayeweza kuitetea hoja hiyo mbele ya mkimbizi, na aende aitetee.

Sita: "Nilimpa kitu." Alipewa franka kidogo za dawa, wanasema, na alishukuru. Sina neno baya dhidi ya mtu anayetoa. Lakini orodhesheni anachohitaji aliyeshonwa kiganja. Nauli ya motari ya kwenda. Fichi. Kumwona daktari. Kusafisha, ganzi, uzi. Sindano ya tetanosi. Vidonge vya siku kadhaa. Kurudi kubadilisha bandeji, mara mbili au tatu, na nauli kila mara. Kurudi kutoa nyuzi. Kile "kitu" kwa kawaida kinaishia kwenye duka la dawa la kona, ambako muuzaji anampa vidonge vinne vya antibiotiki kwa sababu pesa inatosha vinne, na hapo usaha unaanza.

Lililo kubwa zaidi katika orodha halimo hospitalini kabisa: ni siku ambazo hafanyi kazi. Kibarua mwenye kiganja kilichoshonwa halipwi, na nyumbani wanakula kwa malipo ya jioni. Sheria imeliona hilo. Kifungu cha 105 kinasema mkataba ukisimama kwa ajili ya ugonjwa au ajali, mfanyakazi anapata theluthi mbili za mshahara wake. Anayejisifia franka alizotoa kwa huruma ajiulize kama zilifikia theluthi mbili hata za siku tatu. Na shukrani ya kijana haithibitishi kwamba deni limelipwa. Alishukuru kwa sababu hakujua kuna deni.

Hoja ya saba ni ya hofu: tukianza kulipa kila kidonda, watadanganya, wengine watajikata makusudi. Sijaona mtu anayekata kiganja chake ili apate theluthi mbili za alichokuwa akipata kikiwa kizima. Udanganyifu mdogo upo katika kila jambo la pesa, nao unazuiwa na daftari: jina, tarehe, saa, kazi aliyokuwa akifanya, shahidi mmoja, sahihi ya kapita. Kinachotokea kwenye shantiye ni kinyume cha hofu hii. Watu wanaficha majeraha, kwa sababu asubuhi kuna vijana wengine kumi getini wanaongoja nafasi. Ndiyo maana pia neno la mwisho la waajiri, kwamba "hakuna aliyewahi kulalamika," halina thamani ya ushahidi. Anayelalamika haitwi tena kesho.

Wanaosema gharama hizi zitaua ujenzi wavuke mpaka waende Gisenyi. Mwajiri wa Rwanda anachangia asilimia 2 ya mshahara kwa ajili ya ajali za kazini, zaidi ya inayodaiwa hapa, na nyumba zinapanda. Tanzania ilianzisha mfuko wake wa fidia kwa wafanyakazi, unaopokea michango ya waajiri tangu Julai 2015, na Dar es Salaam haijaacha kujenga. Jengo la ghorofa mbili linaloshindwa kubeba bei ya glavu, miwani na nyuzi za kushonea lilikadiriwa vibaya tangu siku ya kwanza.

Hesabu haikosi mlipaji. Mwajiri asipolipa, analipa mama wa nyumbani anayeuza sufuria, analipa mtoto anayerudishwa nyumbani kutoka shule kwa sababu ya minerval, yaani karo, analipa mgonjwa mwenyewe anayezuiliwa wodini baada ya kupona kwa sababu fakturi haijaisha, jambo ambalo hospitali zetu nyingi zimelifanya na kila familia ya Goma inamjua mtu lililomkuta. Wasomaji, mkiwa mmepima, hukumu yenu iwe ya vitendo. Anayejenga Himbi msimu huu akubaliane na dispanseri moja ya karibu kabla jiwe la kwanza halijapasuliwa, abandike jina la dispanseri hiyo getini, na alipe fakturi yeye mwenyewe moja kwa moja. Nawe kibarua, andika siku zako za kazi, hata nyuma ya daftari la mtoto. Zikifika 22 ndani ya miezi miwili na ukaitwa tena, una sheria mkononi. Ukiumia, dai fichi na fakturi zenye tarehe, uzitunze, na uzipeleke kwa mkaguzi wa kazi.